Nani Aiongoze Feni? Hotuba kwa Mafundi wa Kompyuta na Maafisa TEHAMA wa Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, ndugu maafisa TEHAMA, ndugu mafundi mliofunga ofisi zenu mchana huu ili mfike hapa, wanafunzi, mabibi na mabwana. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida halipewi hata dakika tano katika mafunzo yetu, nalo ni namna ya kuchagua njia ya kuziongoza feni za kupoza kompyuta ya mezani. Tunazungumza sana juu ya prosesa, kumbukumbu na diski, lakini feni tunaitazama kama kitu ambacho ama kinazunguka ama kimekufa, na tukishaiona inazunguka tunafunga kasha na kuandika risiti. Hoja yangu leo ni kwamba swali la msingi si kama feni inazunguka, bali ni nani anayeiamuru izunguke kwa kasi gani, na anaiamuru kwa kufuata joto la kitu gani. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mtakaonipinga mpate muda wa kujiandaa: kwa kompyuta za ofisini, za shuleni na za steshenari katika mji huu, uongozi wa feni uachiwe mazabodi yenyewe, yaani bodi kuu ya kompyuta, kupitia BIOS, ile programu ya msingi iliyo ndani ya bodi hiyo na inayoanza kazi kabla ya Windows, upangwe mara moja kwa uangalifu kulingana na hewa ya Dodoma, na programu za kwenye Windows au Linux zitumike pale tu ambapo BIOS haiwezi kuliona joto linalotakiwa kuonekana.

Naanza na hewa, kwa sababu feni haina kazi nyingine ila kuisogeza hewa. Dodoma iko mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 ikilinganishwa na hewa ya pwani yenye joto lilelile. Feni inayozunguka mara 1,000 kwa dakika inasukuma ujazo uleule wa hewa iwe Dodoma au Dar es Salaam, lakini kinachobeba joto ni tungamo la hewa, wala si ujazo wake, na tungamo hilo hapa ni dogo. Kwa sababu hiyo mashine iliyopangwa vizuri pwani ikiletwa huku na kuwekwa kwenye chumba chenye joto lilelile itapanda nyuzi chache kwa kazi ileile. Si jambo la kumnyima mtu usingizi, ila ni sababu tosha ya kutonakili mipangilio ya feni kutoka kwa mtu anayekaa mahali pengine.

La pili ni majira. Mwezi wa Julai, asubuhi, ofisi nyingi za hapa zina baridi ya kuvalia sweta. Mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijashika, joto la mchana hupita nyuzi 30. Kwa kazi ileile na kasi ileile ya feni, kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongezeka karibu sawa kwenye prosesa. Prosesa iliyosoma nyuzi 62 katika chumba cha nyuzi 20 itasoma kama nyuzi 74 katika chumba cha nyuzi 32, bila kitu chochote kuharibika. Fundi aliyepanga feni mwezi wa Julai na kuridhika ataitwa mwezi wa Novemba kuelezwa kwamba kompyuta “imeanza kuunguruma”, na asipoikumbuka hesabu hii atabadilisha pesti isiyo na hatia, ile inayopakwa juu ya prosesa ili kupitisha joto. La tatu ni vumbi, ambalo nitalirudia kwa kirefu kwa sababu linastahili.

Tuje kwenye feni yenyewe. Hii niliyoishika ni feni ya kawaida ya kasha, ya milimita 120, na ina nyaya nne. Kwa mpangilio uliowekwa na Intel, waya mweusi ni wa ardhi, wa njano unaleta volti 12, wa kijani unarudisha taarifa ya kasi, na wa bluu unaleta amri. Taarifa ya kasi hurudi kwa mapigo mawili kwa kila mzunguko, na mazabodi huyahesabu mapigo hayo ndipo tukaona kwenye skrini idadi ya mizunguko kwa dakika. Amri ya waya wa bluu ndiyo inayoitwa PWM: ni ishara inayopanda na kushuka mara zipatazo 25,000 kwa sekunde, na feni huongeza au kupunguza kasi kulingana na sehemu ya muda ambayo ishara hiyo imekaa juu. Volti 12 zinazoiendesha feni hazipunguzwi hata kidogo. Feni ya nyaya tatu haina njia ya amri, kwa hiyo namna pekee ya kuitiisha ni kuipunguzia volti, kutoka 12 kwenda 9, 7 au 5, na zikishuka mno mota hukosa nguvu ya kuanza kuzunguka.

Mafundi wachanga naomba muandike hili. Katika feni ya nyaya tatu, waya wa njano kwa kawaida ndio unaorudisha taarifa ya kasi, na volti 12 hupita kwenye waya mwekundu. Katika feni ya nyaya nne yenye rangi za Intel, wa njano ndio wenye volti 12. Anayeunganisha kwa kufuata rangi bila kutazama aina ya feni anaweza kupeleka volti 12 kwenye njia ya kusoma kasi. Siku hizi tena feni nyingi zinakuja na nyaya nyeusi zote, basi cha kuaminika ni nafasi ya pini: ya kwanza ardhi, ya pili volti 12, ya tatu taarifa, ya nne amri.

Hata hivyo tatizo linalofika mezani mara nyingi halitokani na waya bali na mpangilio. Feni ya nyaya tatu ikichomekwa kwenye soketi ya pini nne iliyopangwa kwa PWM huzunguka kwa kasi yote muda wote, kwa kuwa soketi inatoa volti 12 kamili na amri yake haina pa kufika. Mwenye kompyuta analalamikia kelele, fundi anabadilisha feni, na feni mpya ya nyaya tatu inapiga kelele ileile. Dawa ni kuingia kwenye BIOS na kuihamishia soketi hiyo kwenye DC, yaani kuiongoza feni kwa kupunguza volti, kazi ya dakika moja isiyohitaji bisibisi. Kinyume chake, feni ya nyaya nne ikiwekwa kwenye soketi iliyopangwa kwa DC itazunguka, ila saketi iliyo ndani ya mota inalishwa volti pungufu kuliko ilivyotengenezewa, na baadhi ya feni huanza kukwama au kutoa mlio katika kasi ndogo. Mazabodi nyingi za sasa zina chaguo la kutambua zenyewe aina ya feni, lakini mimi hupendelea kupanga kwa mkono, kwa sababu mashine inayotambua vizuri leo inaweza kutambua vibaya siku feni itakapokuwa imechoka.

Kabla ya kuchagua mwongozaji tuulize kwanza kwa nini tusiziache feni zizunguke kwa nguvu zote na tukalala. Hewa inayosukumwa huongezeka sawia na kasi, lakini umeme unaoliwa na feni huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi hiyo, na kelele nayo hupanda haraka kuliko hewa. Feni iliyoshushwa hadi nusu ya kasi bado inasukuma karibu nusu ya hewa, huku ikila kama moja ya nane ya umeme na kupunguza kelele kwa takriban desibeli 15. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kupunguza kasi inalipa sana masikioni na kugharimu kidogo kwenye joto. Beringi nazo hudumu zaidi feni isipokimbizwa bure. Kwa Dodoma kuna sababu nyingine iliyo nzito kuliko zote hizo: kila ujazo wa hewa unaoingizwa ndani ya kasha unaingia na vumbi lake, na feni inayokimbia bila sababu usiku kucha inaleta vumbi bila sababu usiku kucha.

Njia ya kale ya kuiongoza feni ni ya mkono. Vilikuwepo, na bado vinauzwa, vidhibiti vya kuzungusha kwa vidole vinavyofungwa mbele ya kasha, na wapo mafundi waliokuwa wakiunganisha feni kati ya waya wa volti 12 na waya wa volti 5 kwenye plagi ya pawa saplai ili feni ipate tofauti yake, yaani volti 7. Ujanja huo ulipoza mashine nyingi, lakini una ubaya wake: umeme uliopita kwenye feni unarudi kupitia njia ya volti 5, na kama hakuna kitu cha kutosha kinachoutumia umeme huo upande ule, njia hiyo inaweza kupandishwa juu ya kiwango chake. Siupendekezi. Hata kidhibiti cha vidole, ambacho hakina hatari hiyo, sikipendekezi kwa ofisi, kwa sababu mkono haujui joto. Mtu anaipunguza feni asubuhi apate utulivu, mchana jua linaegemea dirishani, na yeye yuko kikaoni.

Njia ya pili, ambayo ndiyo kiini cha mazungumzo yangu, ni ya BIOS. Karibu kila mazabodi ina chipu ndogo, mara nyingi ya Nuvoton au ITE, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kusoma vihisi joto na kuziamuru feni. ASUS huuita mpangilio huo Q-Fan, Gigabyte huuita Smart Fan, na wengine wana majina yao, lakini kinachofanyika ni kilekile: unachora grafu inayosema kwa joto hili feni izunguke kwa asilimia hii, BIOS inaikabidhi chipu grafu hiyo, na kuanzia hapo chipu inaendelea na kazi bila kumuuliza mtu. Windows ikiganda, chipu haina habari. Umeme ukikatika na kurudi usiku, na kompyuta ikajiwasha na kukaa kwenye skrini ya kuomba nywila mpaka asubuhi, feni zinafuata grafu tangu sekunde ya kwanza. Kompyuta ikifutwa na kuwekewa mfumo endeshi mpya, jambo linalotokea mara kwa mara katika maofisi yetu, mpangilio wa feni unabaki ulipo. Programu yoyote inayoishi ndani ya Windows haiwezi kuyaahidi yote haya kwa pamoja.

Sasa grafu yenyewe, maana hapa ndipo wengi huacha ilivyotoka kiwandani na ndipo kelele inapozaliwa. Tazameni kinachotokea mhasibu anapofungua faili kubwa la hesabu. Joto la prosesa linaruka kutoka nyuzi 45 hadi 68 ndani ya sekunde moja, kwa sababu kipande cha silikoni ni kidogo na joto lake bado halijapata muda wa kuenea kwenye hitisinki, kile kipande cha metali chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa. Feni inayolifuata joto hilo papo hapo inavuma. Sekunde tatu baadaye faili limefunguka, joto limerudi 48, feni inanyamaza. Mhasibu anahamia ukurasa mwingine, feni inavuma tena, na inaendelea hivyo mpaka saa tisa na nusu. Katika muda wote huo ukiigusa hitisinki utaikuta na uvuguvugu uleule, kwa hiyo kukimbia kote kule kwa feni hakukupoza chochote. Kinachomuudhi binadamu hapa ni kupanda na kushuka; sikio huzoea mvumo mdogo usiobadilika, na halizoei mvumo unaokuja na kuondoka.

Tiba yake ipo kwenye BIOS nyingi, kwa majina tofauti. Moja ni muda wa kusubiri, yaani joto likae juu kwa sekunde kadhaa kabla feni haijaongeza mwendo. Mimi huweka sekunde tano au zaidi za kupanda na muda mrefu zaidi wa kushuka. Nyingine ni pengo la nyuzi, kwamba feni iliyopanda kwa joto la nyuzi 60 isishuke mpaka joto lifike 56 au 55, ili isicheze kwenye mpaka. Ya tatu, ambayo haihitaji kipengele chochote cha pekee, ni kuifanya sehemu ya mwanzo ya grafu iwe tambarare. Hapo ndipo Novemba inapoingia kwenye hesabu. Kama kompyuta isiyo na kazi inasoma nyuzi 36 katika chumba cha nyuzi 20, tarajia ikasome kama 48 katika chumba cha nyuzi 32. Basi tambarare hiyo ifike angalau nyuzi 52, vinginevyo feni itakuwa inapanda na kushuka mchana kutwa katika mwezi ambao kila mtu ofisini ameshachoka na joto.

Kwa feni ya prosesa mimi huanza na asilimia 30 hadi nyuzi 52, nusu ya nguvu kwenye nyuzi 65, robo tatu kwenye nyuzi 78, na nguvu zote kabla ya nyuzi 90. Namba hizi si msahafu. Prosesa nyingi za Intel huanza kujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100, na Ryzen za AMD za mfululizo wa 7000 zilitengenezwa zikijua kwamba zitafika nyuzi 95 zikipewa kazi nzito, kwa hiyo mtu anayeona 82 wakati wa kazi kubwa asikimbilie kupandisha feni zote. Nyuzi 82 kwenye mashine isiyo na kazi ni kesi nyingine: hapo hitisinki imelegea, pesti imekauka au feni imekufa, na hakuna grafu itakayoliponya hilo.

Kiwango cha chini hakichaguliwi kwa kukisia. Feni huhitaji nguvu nyingi zaidi kuanza kuzunguka kuliko kuendelea kuzunguka, kwa hiyo feni inayoonekana kuzunguka vizuri kwa asilimia 20 huenda ikashindwa kuanza kwa asilimia hiyohiyo kompyuta ikiwashwa asubuhi. Shusha asilimia hatua kwa hatua mpaka feni isimame, andika, kisha pandisha taratibu mpaka ianze tena yenyewe, andika, halafu weka kiwango chako juu kidogo ya namba hiyo ya pili. Feni zinapozeeka na beringi kukauka namba hiyo hupanda, kwa hiyo acha nafasi. Feni ya prosesa ibaki kwenye soketi iliyoandikwa CPU_FAN, na isishushwe hadi sifuri kamwe, kwa kuwa mazabodi nyingi zisipoisoma kasi hapo hutoa onyo na kukataa kuendelea kuwaka.

Juu ya kugawa soketi moja kwa feni kadhaa nitasema machache. Soketi nyingi za mazabodi zimepimwa kwa ampea moja, yaani wati 12; soma ampea zilizoandikwa kwenye mgongo wa kila feni, jumlisha, na usikaribie mpaka huo. Zikiwa nyingi tumia habu, yaani kigawanyio cha feni kadhaa, inayolishwa moja kwa moja kutoka pawa saplai, ambayo huchukua amri tu kutoka kwenye mazabodi. Kumbuka lakini kwamba ni feni moja tu kati ya hizo itakayorudisha taarifa ya kasi, na zile nyingine zinaweza kufa kimyakimya. Feni ya pawa saplai inajiongoza yenyewe na tuiache ilivyo.

Nafika kwenye programu, na nafahamu kwamba vijana wengi humu ndani ndizo mnazozipenda. Kwenye Windows, SpeedFan ilikuwa mfalme kwa miaka mingi lakini imeachwa na wakati, na sasa inayotumika sana ni Fan Control ya Rémi Mercier, programu nzuri kwa kweli, yenye grafu za kila namna na uwezo wa kuchanganya vihisi joto ambao BIOS nyingi hazina. Tatizo haliko kwenye ustadi wake, liko mahali inapolazimika kusimama. Ili programu iiguse chipu ya feni inahitaji dereva, yaani programu ndogo inayozungumza na vifaa vya kompyuta, anayeingia ndani kabisa ya mfumo endeshi, na kwa miaka mingi programu nyingi za aina hii zilimtegemea dereva anayeitwa WinRing0, mwenye udhaifu wa kiusalama uliokuwa unajulikana tangu mwaka 2020. Machi 2025 kinga ya Windows yenyewe ilianza kumtambua dereva huyo kuwa ni tishio na kumweka karantini, na watu wakaamka asubuhi programu zao za feni hazifanyi kazi. Watengenezaji wamehangaika kutafuta njia mbadala salama zaidi, na wengine wamefanikiwa. Lakini afisa TEHAMA anayesimamia mashine 200 pale Mji wa Serikali, Mtumba, ajiulize kama yuko tayari kuweka kwenye kila mashine dereva mwenye ruhusa ya kugusa kila kitu, kwa ajili ya kazi ambayo chipu iliyokwisha kununuliwa inaifanya bure.

Kwenye Linux mambo ni ya wazi zaidi. Kifurushi cha lm-sensors kinasoma vihisi joto, programu ya pwmconfig inazijaribu feni moja moja na kutafuta yenyewe kiwango ambacho feni huanza kuzunguka na kile ambacho husimama, na fancontrol inaziongoza. Kasi huandikwa kwenye faili dogo kwa namba kuanzia 0 hadi 255, jambo linaloifanya Linux kuwa darasa zuri kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaotaka kuona kinachotokea chini ya kifuniko. Hata hapo kuna la kuangalia. Mtu akishaichukua feni kwa mkono na kuiandikia, tuseme, 80, chipu inaacha kuiongoza, na programu iliyokuwa inaisimamia ikifa ghafla bila kurudisha madaraka, feni itabaki kwenye 80 hata joto likipanda. Huo ndio ubaya wa programu zote za namna hii: ikianguka, hakuna wa chini yake aliyeambiwa achukue usukani.

Pamoja na hayo yote, kuna mahali ambapo mimi mwenyewe ningeweka programu bila kusita, napo ni kwenye kompyuta yenye kadi kubwa ya michoro: za wahariri wa video, za wachoraji wa majengo, za vijana wa michezo, na za watafiti wanaofundisha modeli za akili mnemba. Kadi ya michoro ina feni zake na kihisi joto chake, na nyingi husimamisha feni hizo kabisa zikiwa hazina kazi. BIOS kwa kawaida haioni joto la kadi. Matokeo yake, kadi inaweza kuwa inamwaga wati 200 za joto ndani ya kasha huku prosesa imetulia, na feni za kasha zinazoifuata prosesa zinaendelea kusinzia. Fan Control inaweza kuambiwa izifuate zote mbili, na feni za kasha zitii yenye joto zaidi. Asiyetaka programu ana njia nyingine mbili: kuzielekeza feni za kasha kwenye kihisi joto cha mazabodi, ambacho hupanda polepole lakini hulihisi joto la kasha zima, au kutumia soketi ya kihisi joto cha waya iliyopo kwenye baadhi ya mazabodi na kukibandika kihisi hicho karibu na kadi.

Nimeahidi kulirudia vumbi. Kwenye mji wenye kiangazi cha miezi mingi na upepo unaotimua udongo mwekundu, vumbi na uongozi wa feni ni suala moja. Ikiwa feni za kuingiza hewa zina chujio na feni ya kutoa haina, pangeni zile za kuingiza zizunguke kwa kasi kidogo zaidi, ili hewa ya ndani izidi ya nje na vumbi lisivutwe kupitia kila upenyo wa kasha. Hilo linawezekana kwenye BIOS kwa kuzipa feni za mbele na ya nyuma grafu tofauti, na linasaidia kuliko mtu anavyodhani.

La muhimu zaidi ni kwamba uongozi wa feni unaofanya kazi vizuri unalificha vumbi. Hitisinki inaziba pole pole, joto linataka kupanda, grafu inaongeza kasi, joto linabaki palepale, na anayetazama joto peke yake ataapa kwamba kila kitu ni shwari mpaka siku feni ifike mwisho wa nguvu zake. Kwa hiyo namba ya kuifuatilia ni kasi. Siku mashine ni safi, ipe kazi moja inayojulikana kwa robo saa, andika joto la chumba, joto la prosesa na mizunguko ya feni. Miezi minne baadaye rudia kazi ileile katika chumba chenye joto linalokaribiana na lile. Feni iliyokuwa inashikilia mizunguko 900 sasa inahitaji 1,300? Fungua kasha utoe vumbi, usiguse grafu. Na unapopuliza kwa bloa, zuia mapanga ya feni kwa kidole. Feni inayozungushwa kwa upepo wa bloa hupita kasi iliyotengenezewa, beringi huumia, na mota hiyo inaweza kuzalisha umeme unaorudi kwenye mazabodi.

Wapo wanaonisikiliza huku wakijiambia kwamba haya ni ya mashine mpya, nao wanauza na kutengeneza kompyuta za mtumba kutoka Ulaya na Marekani, ambazo ndizo zilizojaa mashuleni na kwenye steshenari zetu. Ni kweli kwamba mashine nyingi za kiofisi za Dell na HP hazitoi grafu ya feni kwenye BIOS, na nyingine zina plagi za feni zisizofanana na za kawaida, hivyo feni ya dukani haiingii bila kubadilisha mpangilio wa nyaya. Wala hazina haja kubwa ya grafu hiyo, maana mtengenezaji amekwishaipanga kwa kasha lilelile na hitisinki ileile. HP nyingi zina mahali pa kuongeza asilimia ya kasi ya chini, nami katika chumba kisicho na kiyoyozi huongeza kidogo kwa ajili ya Novemba. Kwa mashine hizi kazi ya fundi ni kutafuta feni ya asili au inayofanana nayo kwa pini, kubadilisha pesti iliyokauka miaka mingi, na kurudisha vifuniko vya plastiki vinavyoelekeza hewa, ambavyo mafundi wengi huvitupa kwa kudhani ni urembo. Bila kifuniko hicho feni husukuma hewa mahali popote isipokuwa kwenye hitisinki.

Limebaki jambo moja la kiutendaji. Mipangilio ya BIOS ninayoitetea inaweza kupotea kwa njia mbili: betri ndogo ya CR2032 ikifa, dalili yake saa ya kompyuta kurudi nyuma miaka mingi, au BIOS ikisasishwa. Kwenye mashine za mtumba betri hiyo ibadilishwe kabla ya kupanga chochote. Ukimaliza kuchora grafu ipige picha kwa simu, kila soketi picha yake, na namba za kuanzia za kila feni ziandikwe kwenye karatasi ibandikwe upande wa ndani wa kifuniko cha kasha pamoja na tarehe na joto la chumba la siku hiyo, ili fundi atakayefungua baada yako asianze upya. Asanteni kwa kunisikiliza. Nakaribisha maswali, na naomba tuanze na mliokuja na mashine za mtumba.